Mbwa wa kondoo apimwe kwa kondoo!

Najua nimekuwa kimya mno, zamu za usiku zimenibana na baridi ya huku mnaisikia kwenye simu kila siku. Lakini tangu niwatumie zile picha za maonyesho ya mbwa ya Birmingham nimepokea maswali mpaka nikawa nacheka peke yangu kwenye basi. Shangazi kauliza kama ni kweli watu wazima, wenye akili zao, wanalipa kiingilio kwenda kuangalia mbwa wakitembea. Ni kweli shangazi, na tiketi sio ya bei rahisi. Binamu yangu mmoja yeye hakutaka stori, alitaka bei ya mbwa. Huyo nitamfikia, avute subira kidogo.

Wanaocheka nawaelewa. Kwetu Singida anayechunga ni mtu. Mtoto anatoka na ng'ombe asubuhi, anashinda nao, anarudi nao jioni, na mbwa anafuata nyuma. Kazi ya mbwa ni kubweka fisi akisogea. Babu alikuwa na mbwa miaka yote na sijawahi kumsikia mtu akiuliza masikio yake yanasimama au yamelala. Alikuwa anabweka, basi.

Hapa Wales mambo ni mengine kabisa. Kondoo wanaachwa mlimani wenyewe kwa wiki na miezi, hakuna mchungaji wa kukaa nao. Ikifika siku ya kuwakata manyoya au kuwapa dawa, lazima mtu apande akawakusanye, na hapo wametawanyika mamia kwa mamia kwenye mawe na majani marefu. Mtu mmoja mwenye mbwa wawili wazuri anawateremsha wote. Bila mbwa, ita kijiji kizima na bado jioni utakuwa umepoteza nusu yao. Kwa hiyo huku mchungaji ni mbwa mwenyewe, na mkulima ndiye msimamizi wake.

Mbwa anayefanya kazi hiyo zaidi ni Border Collie. Mmemuona kwenye picha, yule mweusi na mweupe, wa saizi ya kati. Habweki akiwa kazini. Anainama, kichwa chini, anawakazia kondoo macho kama chui anayevizia, anasogea hatua moja moja, na kondoo wenyewe wanaanza kuondoka. Wakulima wa huku wanasema mbwa huyo "ana jicho". Karibu ukoo wote wa Border Collie wa leo unarudi kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer kule Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland. Wafugaji walikuwa wanamtafuta Hemp awapandie majike yao kwa sababu moja, alifanya kazi kimya na kondoo walimtii. Angekuwa na sikio moja limesimama na lingine limelala wangemleta hivyo hivyo.

Sasa hapa ndipo panaponoga. Mwaka 1873 yalitokea mambo mawili katika nchi hii. Mwezi wa nne, London, waheshimiwa fulani walianzisha Kennel Club, chama kinachosimamia maonyesho ya mbwa mpaka leo. Mwezi wa kumi mwaka huo huo, hapa Wales, kwenye mji mdogo wa Bala, mwenye mashamba mmoja aitwaye Richard Lloyd Price aliandaa mashindano ya mbwa wa kuchunga. Wachungaji walikuja na mbwa wao, kondoo wakaachiwa uwanjani, watu wakatazama. Aliyeshinda alikuwa Mskoti, James Thomson, na mbwa wake Tweed (sijui Wawelshi walilala vipi usiku ule!). Mwaka mmoja, njia mbili za kumpima mbwa. Moja inauliza anafananaje, nyingine inauliza anafanya nini. Zaidi ya miaka 150 baadaye njia hizo mbili bado hazijapatana, na mimi nina upande wangu, ndiyo maana naandika.

Tuanze na ile ya uwanjani, maana naipenda zaidi. Kila kiangazi vijiji vya huku vinakuwa na mashindano hayo. Unakaa kwenye majani, unakunywa chai kwenye kikombe cha karatasi, mvua inakunyeshea, unaangalia. Mchungaji anasimama kwenye mti uliochomekwa chini. Mbali kule juu, mita mia kadhaa, wanaachiwa kondoo wanne au watano. Anamtuma mbwa. Mbwa hapaswi kwenda moja kwa moja, atawatisha. Anatakiwa azunguke kwa mbali, njia yake iwe na umbo la pera, mpaka atokee nyuma yao. Kwa mpangilio unaotumika sana hilo peke yake lina pointi 20. Halafu kuna zile sekunde chache ambapo kondoo wanamuona mbwa kwa mara ya kwanza na kuamua kama watamkubali au watakimbia. Hapo kuna pointi 10, na nawaambia ni sekunde tamu kuliko penalti. Kuwaleta kwa mchungaji kwa mstari ulionyooka, 20. Kuwapeleka mbali naye kupitia mageti mawili, 30. Kuwatenganisha wengine na wenzao, 10. Kuwaingiza zizini, 10. Jumla 100.

Jaji wa pale haongezi pointi, anapunguza. Kila mbwa anaanza na zote, na kila kosa linakatwa. Kondoo kapita nje ya geti, kata. Mbwa kaingia kwa pupa, kata. Ukibishana na jaji mnaweza kubishana juu ya pointi moja au mbili, lakini hakuna anayebisha kama kondoo waliingia zizini au hawakuingia. Wote tumeona, hata mimi muuguzi wa kutoka Singida nimeona.

Na chama cha mbwa hao wa kazi, International Sheep Dog Society, kilichoanzishwa mwaka 1906, hakina kigezo cha sura. Rangi yoyote, manyoya marefu au mafupi. Hata mbwa asiye na wazazi walioandikwa daftarini anaweza kuandikishwa kwa sifa zake mwenyewe, akithibitisha kwamba anajua kazi.

Haya, twende Birmingham. Maonyesho makubwa kabisa yanaitwa Crufts. Yalianza mwaka 1891 London, na tangu 1991 yanafanyika kwenye kumbi za NEC pale Birmingham, siku nne, mwezi wa tatu. Mbwa wamegawanywa makundi saba, na wachungaji wana kundi lao. Nilikaa karibu na ulingo wa Border Collie nusu siku nzima. Zulia la kijani, meza ya jaji, mbwa wameoshwa na kuchanwa mpaka wanang'aa kuliko mimi siku ya send-off yangu. Jaji anamshika mmoja mmoja. Anaangalia meno, anapapasa mabega, mbavu, mgongo, mapaja, dume anaangaliwa kama korodani zote mbili zimeshuka. Halafu mwenye mbwa anakimbia naye, kwenda na kurudi na kwa umbo la pembetatu, jaji akitazama miguu.

Sitaki kuwadanganya kwamba huo ni upuuzi. Jaji mzuri anajua mwili. Mimi nafanya kazi wodi ya mifupa, siku nzima naangalia watu wanavyotembea, na nilikuwa namfuata yule mama jaji kwa macho nikisema hapo sawa, hapo nami ningeangalia. Kigezo cha Border Collie kinataka dume awe na urefu wa sentimita 53 hivi begani, jike apungue kidogo, na kinataka mwendo laini usiochosha, miguu ikiinuliwa kidogo sana, kama mnyama anayenyemelea. Hayo yametoka mlimani kwa mbwa halisi, hayakutungwa saluni.

Zaidi ya hapo, vigezo vya Kennel Club vina kifungu kinachosema kasoro yoyote ipimwe kwa uzito wake, kwa jinsi inavyoathiri afya na ustawi wa mbwa, na uwezo wake wa kufanya kazi yake ya asili. Mmesoma hapo? Kazi yake ya asili! Chama chenyewe kimeandika. Sasa niambieni, jaji ataupimaje uwezo wa kuchunga kwenye ukumbi usio na kondoo hata mmoja? Anakisia. Anaona bega zuri, anasema huyu angeweza. Labda angeweza. "Jicho" halionekani kwenye zulia. Utulivu mbele ya kondoo jike mkaidi anayekanyaga mguu chini kwa hasira hauonekani. Moyo wa kusikia mluzi kutoka mita mia nne na kusimama papo hapo hauonekani. Hivyo ndivyo vinavyomfanya Border Collie awe Border Collie, na ndivyo visivyo na pointi.

Kwetu tungefanya hivyo? Pale Nane Nane Dodoma, ng'ombe wa maziwa apewe zawadi kwa pembe zake na bila mtu kuuliza anatoa lita ngapi? Mzee wa Kigogo angeondoka na fimbo yake bila kuaga.

Mtasema, kwani ina madhara gani? Waache watu na burudani yao. Madhara yapo, kwa sababu anayeshinda ndiye anayezaa. Kila mtu anataka watoto wa bingwa. Kwa hiyo kile ambacho jaji anakipenda leo, miaka ishirini ijayo kinakuwa ndio umbo la mbwa wenyewe, na kile ambacho hakipimwi kinapotea taratibu bila mtu kukifukuza.

Tumeshaona. Yule Collie wa manyoya marefu, Lassie wa kwenye filamu ya mwaka 1943, asili yake ni mbwa wa kondoo wa Scotland. Malkia Victoria aliwapenda, matajiri wakamfuata, maonyesho yakafuata. Kichwa kikarefushwa na kufanywa chembamba, manyoya yakazidi kuwa mengi. Ni mbwa mpole na mzuri sana, sina ugomvi naye. Lakini zungukia mashamba ya huku umtafute akikusanya kondoo, utachoka. Kazi imehamia kwa binamu yake asiye na jina kubwa, yule aliyebaki mlimani. Huyo naye mwaka 1976 Kennel Club ikamwandikisha kama mbwa wa maonyesho. Marekani walifanya hivyo mwaka 1995, na wafugaji wa mbwa wa kazi kule walipinga kwa nguvu zote. Mpaka leo chama chao kikubwa kinamfuta daftarini Border Collie yeyote anayetwaa ubingwa wa sura. Ni ukali, lakini najua wanaogopa nini.

Mfano mwingine mnaujua wote, maana yuko kwenye mageti ya watu Dar, Arusha na Nairobi. German Shepherd. Wengi wetu tunadhani aliumbwa kwa ajili ya polisi, kumbe jina lenyewe linasema ni mchungaji. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchunga akampa jina Horand, akaanzisha chama na kumfanya Horand wa kwanza kwenye daftari. Von Stephanitz alisisitiza maisha yake yote kwamba kwa mbwa huyu kazi ndiyo ya kwanza. Tafuteni picha za Horand. Mgongo umenyooka, miguu ya nyuma iko chini yake kama ya mnyama yeyote mwenye mbio zake.

Halafu angalieni wale wa ulingoni wa miaka ya karibuni. Mgongo unateremka kama paa la banda, miguu ya nyuma imekunjika, wengine wakitembea kisigino kinakaribia kugusa chini. Mwaka 2008 BBC walionyesha filamu ya uchunguzi juu ya afya ya mbwa wa maonyesho, nchi nzima ikashtuka, na mwaka 2009 BBC hawakuyarusha tena mashindano ya Crufts. Mwaka 2012 ukaanza utaratibu wa daktari wa mifugo kuwakagua washindi wa aina 15 zenye matatizo, German Shepherd akiwemo. Pamoja na hayo yote, mwaka 2016 German Shepherd aliyechaguliwa bora wa aina yake pale Crufts alionekana kwenye televisheni akitembea kwa shida, watu wakaja juu. Baadaye mwaka huo chama kiliongeza kwenye kigezo kwamba mbwa huyu aweze kusimama mwenyewe kwa utulivu na bila kushikiliwa. Jamani! Kusimama! Mbwa wa kuchunga, ambaye kazi yake ni kutrot siku nzima pembeni ya kundi, imebidi iandikwe kwamba aweze kusimama.

Simlaumu jaji mmoja, wala siamini kwamba kuna mtu aliyepanga kumlemaza mnyama. Watu wale wanawapenda mbwa wao kuliko wengine wanavyopenda wakwe. Tatizo ni kwamba macho yanazoea. Mgongo ukishuka kidogo unaonekana wa kifahari, mwaka unaofuata ule wa kidogo unaonekana wa kawaida. Zizi halizoei. Kondoo hawana habari na fasheni.

Mzungu mmoja pale alinibishia vizuri, nami ni haki niwaambie alichosema. Alisema Border Collie wengi siku hizi wanaishi kwenye nyumba za watu, hawatamuona kondoo maisha yao yote, na mbwa mwenye moto wa kazi akifungiwa sebuleni anaanza kuchunga watoto, baiskeli na magari. Kwa hiyo mbwa mtulivu wa maonyesho anamfaa mtu wa mjini. Pia kwamba mbwa wa kazi nao wana magonjwa ya kurithi, mlima hauponyi macho. Kweli yote mawili. Lakini hoja ya kwanza inanipa nguvu mimi. Kama unachotaka ni mbwa wa sebuleni, mpime kwa usebule, mpe zawadi ya upole, hakuna aibu. Ila usimvike ubingwa wa uchungaji. Ya pili jibu lake ni vipimo, na vipimo vinaweza kufanywa kwa wote, wa zulia na wa tope.

Mimi mwenyewe nilipokuja huku digrii yangu ya uuguzi ilikaguliwa, nikafanya mtihani wa kompyuta, na bado haikutosha. Nikaingizwa chumba cha mtihani wa vitendo, mgonjwa wa kuigiza kitandani, mtu na karatasi yake pembeni, naambiwa haya fanya. Nilinung'unika sana wakati ule, waliokuwa wananipigia simu wanakumbuka. Lakini ningekuwa mgonjwa ningetaka muuguzi wangu awe amepita mle.

Na cha kushangaza, dawa tayari wanayo kwenye kabati. Hapa Uingereza Border Collie akipata vyeti vitatu vya juu kutoka kwa majaji watatu tofauti anakuwa bingwa wa maonyesho tu. Kuitwa bingwa kamili, bila neno "maonyesho" mbele, lazima afaulu pia mtihani wa kuchunga kondoo wa kweli. Sheria nzuri! Lakini si lazima mtu aufanye. Mbwa anaweza kushinda kila mwaka na kuzaa kila mwaka akiwa na ubingwa nusu, na wanunuzi wengi hawajui tofauti. Mwaka 2024 mshindi wa jumla wa Crufts nzima alikuwa Australian Shepherd, mbwa wa kundi hili la wachungaji (jina lisiwadanganye, aina hiyo ilikuzwa Marekani). Watu walimshangilia, na alikuwa mzuri kweli. Niliwauliza watatu waliokaa karibu nami Birmingham, mashabiki wa miaka mingi, kama yule mbwa amewahi kuchunga. Hakuna aliyejua, na mmoja aliniangalia kama nimeuliza kama mbwa anajua kuendesha gari.

Ningekuwa na sauti pale, ningesema hivi: kwa mbwa wa kundi la wachungaji, cheti cha tatu kisitolewe mpaka mtihani wa kuchunga uwe umefaulu. Sio lazima awe bingwa wa milimani. Asogeze kondoo wachache kwa utulivu, asiwang'ate, asikie amri, awaweke zizini. Asiyeweza aendelee kupendwa nyumbani kwake. Mapato yatapungua, najua, na washiriki watapungua miaka ya mwanzo. Wapungue.

Sasa binamu. Umeniambia kuna mtu anauza watoto wa German Shepherd wa "damu ya Ulaya", na umenitumia picha ya baba yao, mgongo umeteremka, ukasema hapo ndipo unajua ni original. Ndugu yangu, hapana. Kwanza kwenye picha ile mguu mmoja wa nyuma umevutwa makusudi, ndivyo wanavyowasimamisha, mteremko unaonekana zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe baba na mama wakiwa wamesimama wenyewe, bila kushikwa, kisha watembee mbali na wewe, kisha warudi, kisha wapande ngazi. Angalia kama miguu ya nyuma inayumba au inagongana. Uliza kama nyonga zao zimepigwa eksirei. Huku kila nyonga inapewa alama kuanzia 0 hadi 53, jumla ya zote mbili haizidi 106, na kadiri zinavyokuwa chache ndivyo nyonga zilivyo nzima. Asipokuwa na karatasi hiyo, na huko wengi hawana, mlete daktari wa mifugo awashike kabla hujatoa hela. Na usinunue kwa sababu ya mgongo. Utakaa naye miaka kumi, na mbwa asiyeweza kuinuka hamkimbizi mwizi.

Mwezi wa nane kuna mashindano kijijini hapa, nimeshaomba siku ya mapumziko. Nitawaletea picha za tope. Msalimieni mama, mwambieni hela ya dawa nimetuma jana.